Je, Wajua? Sauti Isiyoujua Mji wa Wote

Je, wajua kwamba mtu asiyeona anaweza kuendesha kompyuta yenye mfumo wa Linux bila kipanya, bila picha, na hata bila skrini? Kazi hiyo hufanywa na Speakup, kisoma skrini kilichoanzishwa na Kirk Reiser wa Kanada, ambaye mwenyewe haoni. Speakup hukaa ndani ya kiini (kernel) chenyewe cha Linux. Mwaka 2010 iliingizwa katika sehemu ya majaribio ya kiini hicho, na 2020 ikapewa makao ya kudumu.

Kukaa huko ndani kuna manufaa makubwa. Kifaa cha sauti cha nje, yaani kisanduku kidogo chenye spika na waya wa seriali, huanza kusema wakati kompyuta bado inajiandaa. Sauti ya programu sharti isubiri kadi ya sauti iwe tayari. Mashine ikikwama katikati, mwenye kisanduku husikia kosa likisomwa, na mwenzake anayetegemea sauti ya programu huachwa kimyani.

Kukitambulisha kifaa hakuhitaji maneno mengi. Mwenye kisanduku kiitwacho LiteTalk, kwa mfano, huandika speakup.synth=ltlk kwenye amri za kuwashia mashine. Tundu la kwanza la seriali huitwa ttyS0, kwa sababu Linux huanza kuhesabu na sufuri. Wengi hukwama hapo. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu hilo, hivyo hutumika kigeuzi cha USB, na amri huongezewa speakup_ltlk.dev=ttyUSB0. Baada ya hapo vidole huhamia kwenye vitufe vya namba: 8 husoma mstari wa sasa, 7 uliotangulia, 9 unaofuata.

Sasa tuje Ukambani, nchini Kenya, tuone vifaa hivi vinavyoyatamka majina ya huko. Vifaa hivi vingi vilitengenezwa kwa kanuni za matamshi ya Kiingereza. Kimojawapo, DECtalk ya mwaka 1984, kilijengwa juu ya utafiti wa Dennis Klatt, na sauti yake maarufu ilitokana na sauti ya Klatt mwenyewe. Kanuni hizo huimeza “e” ya mwisho wa neno. Kwa hiyo Wote, makao makuu ya Kaunti ya Makueni, huweza kusomwa kama silabi moja, na msikilizaji asijue ametajiwa mji gani. Fundi mwenye subira huongeza herufi, akaandika “Woteh”, mpaka sikio liridhike. Naona hiyo ni kazi ya heshima: mtu anastahili kusikia jina la kwao likitajwa sawasawa.

Katika kaunti hiyohiyo, huko Malili, ndiko unakojengwa mji wa teknolojia wa Konza, kwenye ekari 5,000. Mji wa namna hiyo hutegemea seva, na seva nyingi duniani huendeshwa na Linux, kwa amri za maandishi tupu, na mbele ya maandishi hayo msimamizi asiyeona hapungukiwi na kitu. Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 54, inampa haki ya kupata vifaa vya kumwondolea vikwazo vya ulemavu wake.

Na Kiswahili? eSpeak NG, sauti ya programu isiyolipiwa, inakisoma, na Wote hutamkwa ilivyo. Lakini Kikamba kina vokali 7, zikiwemo ĩ na ũ, ilhali Kiswahili kina 5 tu. Barua ya Kikamba kutoka Mwingi au Mutomo ikisomwa kwa sauti hiyo, vokali hizo mbili hukosa mahali pake.