Albamu Isiyosikika Juba

Roki ya progresivu na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Juba, Sudan Kusini, haviivi chungu kimoja. Ukitaka kuhakikisha, vaa hedifoni katika ukumbi wa abiria uliofunguliwa mwaka 2018, baada ya miaka ya wasafiri kuhudumiwa kwenye mahema, kisha ucheze "Moonchild" ya bendi ya King Crimson. Ni wimbo wa 1969, wa dakika 12, na baada ya mashairi kwisha kinachobaki ni gitaa, vibrafoni na dramu zinazonong'onezana bila haraka. Upande mmoja watu wanaagana kwa Kiarabu cha Juba, upande wa pili wafanyabiashara wa Kampala na Eldoret wanabishana kwa Kiswahili juu ya uzito wa mizigo, na nje helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa zinapasha moto injini. Utatazama simu kuona kama wimbo bado unacheza au umekwisha.

Wimbo hauna kosa. Ukumbi wenye watu wengi hufikia desibeli 70 hivi kwa urahisi. Tuseme umeweka sauti ambayo kilele cha muziki kinafika desibeli 80. Kama sehemu ya kunong'ona iko desibeli 30 chini ya kilele hicho, yenyewe imebaki kwenye 50, na kwa sikio la binadamu kila tofauti ya desibeli 10 ni karibu maradufu ya ukubwa wa sauti. Kelele ya ukumbi inakuwa kubwa mara nne kuliko gitaa. Ongeza ndege ya mizigo ya propela: mngurumo wake unaishi kwenye herzi za chini, mle mle linamokaa gitaa la besi, ambalo waya wake mnene zaidi hutoa herzi 41. Besi inamezwa kabla ya chombo kingine chochote.

Mimi nautumia uwanja huo kama maabara, na kipimo changu kiko kinyume na kinavyotarajiwa. Nikipewa albamu ya miaka ya 1970 iliyotolewa upya, nikaisikiliza Juba, na kila kitu kikasikika tangu mwanzo hadi mwisho, hapo ndipo naanza kuwa na mashaka. Kuna mtu ameibana. Kubana sauti ni kuinua palipo chini na kushusha palipo juu mpaka vikaribiane, kisha kuinua vyote kwa pamoja. Ni kama kumsimamisha mtoto juu ya stuli na kumwinamisha baba yake ili vichwa vyote kwenye picha ya familia vilingane. Muziki wa dansi, hip hop au bongo fleva hustahimili kubanwa, na mara nyingine hunoga zaidi. Roki ya progresivu haistahimili, maana imejengwa juu ya umbali kati ya kimya na kishindo. Ukiondoa umbali huo umeondoa utunzi wenyewe.

Lebo haziwabani wanamuziki kwa ubaya. Zinajua kwamba wengi wetu tunasikiliza kwenye matatu, kwenye bodaboda, kwenye simu yenye spika ndogo. Mwaka 2008 mashabiki wa Metallica walilalamika hadharani kwamba albamu ya "Death Magnetic" ilibanwa kiasi cha kukwaruza, na hao hawakuwa watu wa kupenda muziki wa chini chini. Tangu hapo mhakiki anayeandika "sauti imeng'arishwa vizuri" bila kusema kama kimya kimebaki, kwangu mimi hajafanya kazi.

Msomaji anaponunua toleo jipya ana haki ya kujua jambo la pili: limetoka wapi? Kuna tofauti kubwa kati ya kung'arisha upya na kuchanganya upya. Kung'arisha ni kuichukua kanda ya mwisho, yenye vyombo vyote vikiwa vimeshaungana, na kuisafisha. Kuchanganya upya kunahitaji kanda za awali, ambazo kila chombo kimo kwenye njia yake, na kwa hakika huzaa albamu nyingine. Mwanamuziki Steven Wilson alipochanganya upya "In the Court of the Crimson King", albamu yenye wimbo huo wa King Crimson, mwaka 2009, "Moonchild" ilitoka imepunguzwa zaidi ya dakika mbili. Ni uamuzi wa kisanii unaoweza kutetewa, lakini anayemwambia msomaji kwamba hiyo ndiyo albamu ya 1969, amemdanganya.

Kwetu Afrika Mashariki jambo la kuchanganya upya ni nadra. Bendi zilizorekodi Radio Tanzania Dar es Salaam zilipiga kwa pamoja, sauti ikaingia moja kwa moja kwenye kanda. Hakuna njia ya gitaa la solo peke yake ya kuinuliwa leo. Na mara nyingi hata kanda haipatikani, kilichopo ni santuri iliyochakaa kwenye kabati la mtu. Hapo lebo huicheza santuri na kuirekodi upya, jambo ambalo si dhambi kama limesemwa. Ukitaka kulitambua lisiposemwa, sikiliza mwisho wa kila upande: sindano inapokaribia katikati ya santuri, sauti za "s" na matoazi huanza kuchanika. Kanda haina tabia hiyo.

Santuri ndogo za mizunguko 45 kwa dakika zina kovu lingine. Nyimbo zetu za dansi zilikuwa ndefu kama za Waingereza wenye nywele ndefu, ila upande mmoja haukuzitosha. Zikakatwa vipande viwili: upande wa kwanza mashairi, ugeuze, upande wa pili chemko, yaani sehemu ya kasi ya kuchezea. Matoleo mapya huunganisha vipande hivyo, na mahali pa kiungo ndipo ninapopima uaminifu wa fundi. Wengine huacha sauti ififie kisha irudi, kama ilivyokuwa. Wengine hushona kana kwamba hapakuwa na mkato. Mimi napendelea mkato uachwe, kwa kuwa watunzi walijua kwamba utakuwapo, na baadhi walitunga kwa kuufuata.

Anayetafuta roki ya majaribio kwenye ukanda huu ataelekezwa Zambia, na ni sawa, ingawa Nairobi haiko mbali na habari hiyo. Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga, ilirekodi Nairobi, na "Wings of Africa" yao ya 1975 imerudi mikononi mwa watu kupitia mkusanyiko wa "Dark Sunrise" wa lebo ya Now-Again, mwaka 2010. Lebo hiyo hiyo ilipoitoa upya "Africa" ya Amanaz, pia ya 1975, ilikuta miksi mbili za albamu moja: moja kavu, nyingine imejaa mwangwi. Ikaziweka zote. Huo ni mfano wa kazi njema. Ile kavu inasikika Juba. Ile ya mwangwi inageuka ukungu, kwa sababu mwangwi, kama besi, hupotea upesi palipo na kelele. Nyumbani, usiku, mambo hubadilika, na ya mwangwi ndiyo inayonifanya nisilale.

Hata hivyo albamu ninayotamani wahakiki wetu waishughulikie ni "Bado Kidogo". Mwishoni mwa miaka ya 1970 Archimedes Badkar, kundi la Sweden lililokuwa likichanganya jazi, ala za India, muziki wa kienyeji wa nchi nyingi na mirudio ya sauti inayozunguka polepole, liliungana na Afro 70, bendi ya Mtanzania Patrick Balisidya, kuirekodi. Huyu ni Balisidya yule yule wa "Harusi", wimbo ambao Tanzania ulishazoeleka kwenye sherehe kiasi cha watu kusahau kwamba una mtunzi. Alifariki mwaka 2004. Mhakiki wa Stockholm ataanza na historia ya Archimedes Badkar, tangu albamu yao ya kwanza ya 1975, na Afro 70 itakuwa wageni waalikwa. Wa Dar es Salaam ataanza na Balisidya, na Waswidi watakuwa wazungu waliopenda muziki wetu. Kila mmoja ana nusu ya habari. Uhakiki unaofaa ungeuliza nani anaiongoza midundo, ni wapi gitaa linakubali kurudiarudia kwa namna ya Kiswidi na ni wapi linakataa. Mtu aliyekulia kwenye dansi anasikia kukataa huko haraka kuliko yeyote, na ni ajabu kwamba kazi hii tumewaachia wengine.

Toleo jingine linaloihusu Juba moja kwa moja si la roki ya progresivu bali la fanki, lakini linafundisha kusoma tarehe. Lebo ya Habibi Funk ya Berlin ilitoa mwaka 2018 "Muslims and Christians" ya Kamal Keila wa Sudan, kutoka kanda za redio za mwaka 1992. Ndani yake kuna nyimbo za kutaka Sudan iwe moja. Zilipigwa vita kati ya kaskazini na kusini vikiendelea. Zilipofika madukani, Sudan Kusini ilikuwa imeshajitenga tangu 2011. Ukiihakiki kama albamu ya 2018 utamwona msanii amechelewa na mambo. Ukiihakiki kama ya 1992 utaona alichothubutu kusema kupitia redio ya serikali. Lebo yenyewe hutangaza kwamba hugawana faida nusu kwa nusu na wasanii au familia zao, na hilo nalo liingie kwenye uhakiki, kwa maana matoleo mengi ya albamu adimu za progresivu sokoni ni ya magendo, yamechapwa vizuri, yana jalada la kupendeza, na hayamlipi mtu.

Kwa hiyo nikilazimishwa kutoa nyota natoa mara mbili, za muziki na za toleo, na sizijumlishi. Albamu inaweza kupata tano na toleo lake likapata moja. Kijitabu cha ndani kisipotaja kanda, mwaka na studio, kinapunguza nyota kabla sijabonyeza kitufe cha kucheza. Lebo ikisema kwenye tangazo lake kwamba toleo lake linafaa kusikilizwa popote, naipeleka Juba.