Muulize Kwanza Anachimba Wapi

Kwenye kliniki za afya ya akili za ukanda wa dhahabu, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu na Rwamagasa mkoani Geita, kuna mazungumzo ambayo muuguzi yeyote wa huku anayafahamu.

"Mama, kijana anafanya kazi gani?"

"Anahangaika tu, mwanangu."

"Anahangaikia wapi?"

"Si huko huko machimboni."

Mara nyingi habari ya kazi huishia hapo. Kwenye faili panaandikwa "mkulima" au "mjasiriamali", kisha mgonjwa anaulizwa kama anasikia sauti, kama anapata usingizi, kama katika ukoo wao kuna aliyewahi kuugua. Yote ni maswali ya maana. Lakini huku kwetu sehemu kubwa ya jibu imelala kwenye lile swali lililopitwa mbio. Kuhangaika machimboni kunaweza kuwa kushuka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, kulisha karasha la kusaga mawe usiku kucha, au kukaa kwenye jiko la mkaa ukichoma dhahabu ya wenzako. Kazi hizi haziumizi akili kwa namna moja, na madhara yake hayatibiwi kwa namna moja.

Nitakaa zaidi kwenye kuchoma, maana ndiko wagonjwa wengi wanakopotelea.

Mawe yakishasagwa na mchanga kuoshwa mwaloni, mchenjuaji humimina zebaki kwenye beseni na kukoroga, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki inanasa vipunje vya dhahabu. Mchanganyiko unakamuliwa kwa kitambaa mpaka kibaki kidonge cha rangi ya fedha, ambacho karibu nusu ya uzito wake bado ni zebaki. Kidonge kinawekwa kwenye kipande cha bati au kijiko cha chuma juu ya makaa. Dakika chache tu, weupe unaondoka na njano inajitokeza. Ile nusu nyingine imegeuka mvuke usio na rangi wala harufu, na aliyeinamia jiko ameshauvuta.

Zebaki ya namna hii ikimezwa, karibu yote hupita tumboni na kutoka. Ikivutwa kama mvuke mambo hubadilika: takriban asilimia 80 hubaki mwilini, na kabla haijabadilishwa na damu sehemu yake huwa imekwishavuka na kuingia kwenye ubongo. Madhara huja polepole. Usingizi unakatikakatika. Mtu aliyekuwa mcheshi anaanza kuona haya kupita kiasi na kukwepa watu, kisha ghafla anafoka kwa jambo dogo. Anasahau. Vidole vinatetemeka, halafu kope na midomo. Fizi zinavimba, mate yanajaa, na mdomoni kuna ladha ya chuma ambayo chai haiiondoi.

Hapo ndipo inapoingia ndagu. Machimboni inaaminika kwamba anayepata mali haraka amepitia kwa mganga na kupewa masharti. Akianza kutetemeka, kujifungia ndani, kugombana na mkewe bila sababu na kusahau hata watu anaowadai, majirani wanahitimisha kwamba masharti yamemshinda. Lakini hebu tazama ni nani hasa anayepatwa: ni yule anayewachomea wachimbaji dhahabu kila jioni, mmoja baada ya mwingine, katika chumba chenye dirisha moja dogo. Ndiye mwenye fedha pale kijijini, na ndiye mwenye zebaki nyingi kifuani. Utajiri na ugonjwa vimetoka jiko moja.

Hospitalini nako kuna ndagu yake, ila imevaa koti jeupe. Mwenye hasira na asiyelala huandikwa kuwa na sonona au ugonjwa wa akili unaotokana na pombe, halafu anaanzishiwa haloperidoli. Dawa hiyo ni nzuri ikitumika mahali pake, lakini yenyewe huweza kuleta mtetemeko. Mgonjwa akirudi baada ya wiki mbili mikono ikitikisika zaidi, nani atajua kama ni dawa, ni pombe aliyoiacha, au ni zebaki iliyokuwamo tangu mwanzo? Anayeweza kujua ni yule aliyeiona mikono ile kabla ya kidonge cha kwanza. Vipimo vya kuanzia havihitaji umeme. Mwambie anyooshe mikono. Mpe kalamu aandike jina lake au achore duara linalozunguka kuelekea ndani, uweke tarehe, uihifadhi ile karatasi. Mfungue mdomo utazame fizi. Ukiwa na shaka, ndipo mkojo upelekwe kupimwa kiwango cha zebaki.

Dunia iliyaona haya zamani. Katika mji wa Danbury, Marekani, watengeneza kofia waliotibu manyoya kwa zebaki walitetemeka vizazi kwa vizazi, na matumizi hayo hayakukatazwa nchini humo hadi mwaka 1941. Huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa ulitambuliwa rasmi mwaka 1956, zebaki ilikuwa ya aina nyingine, iliyoingia kwa watu kupitia samaki, lakini jirani aliyetetemeka na kupayuka alitengwa vilevile kama mwenye maradhi ya kuambukiza. Na sisi hatuwezi kusema hatukuambiwa. Miaka ya mwanzo ya 2000 Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lake la maendeleo ya viwanda, UNIDO, ulipeleka wataalamu Rwamagasa kupima watu, na walioonekana kuathirika zaidi ni wachomaji. Mwaka 2013 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu watoto kwenye machimbo madogo ya Tanzania, yakiwamo ya Geita na Kahama. Wengine walikuwa na umri wa miaka minane tu. Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki tuliuridhia mwaka 2020. Zebaki bado inapatikana machimboni, kwenye vichupa vidogo, kwa anayejua pa kuuliza.

Tiba ya kwanza ni kumwondoa mtu kwenye moshi. Dawa za kuitoa zebaki mwilini zipo duniani, ila haziko kwenye kabati la kituo cha afya, na haziwezi kushinda jiko linalowashwa kila jioni. Mwili unahitaji takriban miezi miwili kupunguza zebaki iliyomo kwa nusu, hivyo anayeacha leo asitegemee usingizi wa kesho. Wengi hupata nafuu kadiri miezi inavyokwenda. Aliyechoma kwa miaka mingi anaweza kubaki na mtetemeko. Asiyeweza kuacha achome nje, mbali na jiko la familia na mjamzito, akitumia chombo kilichofungwa kinachopoza mvuke na kuurudisha kuwa zebaki. Chombo hicho huokoa zaidi ya asilimia 90 ya zebaki, ambayo anaweza kuitumia tena. Kwa mchimbaji, hoja ya kuokoa fedha huingia sikioni haraka kuliko hoja ya ubongo, na sioni aibu kuitumia.

Hata hivyo tusigeuze zebaki kuwa mchawi mpya. Skizofrenia huanza mara nyingi kati ya miaka ya mwisho ya utineja na ya ishirini na kitu, umri ule ule wa vijana wanaojaa machimboni. Bangi kali na kukesha huiamsha mapema kwa aliye na mwelekeo nayo. Kijana anayesikia sauti zikimwamrisha anahitaji dawa za akili, awe amegusa zebaki au hajaigusa.

Kazi ya duarani ina jeraha lake. Mwaka 2015 huko Nyangalata, wilayani Kahama, wachimbaji watano walitolewa hai baada ya kukaa ardhini siku 41, wakila wadudu na kunywa maji yaliyovuja mwambani. Mwenzao mmoja alifia chini. Agosti 2025, katika mgodi wa Nyandolwa, Shinyanga, watu 25 walifukiwa, na kazi ya kuwatafuta ikachukua wiki kadhaa. Kila ajali ya namna hii huleta kamera, viongozi na rambirambi. Tunahesabu waliotoka na waliokufa. Hatuhesabu waliokuwa juu wakivuta kamba, wala mke aliyekaa kando ya kifusi asijue aanze kukaa matanga au aendelee kuomba.

Kuhusu watu hawa utafiti umetufundisha jambo linalowashangaza wengi. Kumkalisha manusura siku ya pili na kumtaka asimulie yote, kwa kikao kimoja cha ushauri nasaha, hakuzuii kiwewe kukomaa. Kumpa diazepamu alale wiki nzima nako Shirika la Afya Duniani halikushauri. Kinachosaidia mwanzoni ni mambo ya kawaida: usalama, chakula, ndugu karibu, habari za kweli kuhusu uokoaji, na mtu wa kusikiliza bila kuchokonoa. Kisha, na hapa ndipo tunapolegea, arudiwe baada ya mwezi. Kama bado anashtuka usiku akihisi udongo kifuani, kama hawezi kuingia hata chooni akafunga mlango, huyo sasa anahitaji tiba ya mazungumzo ya wiki kadhaa na mtu aliyefunzwa. Baada ya mwezi, kamera hazipo, na wengi wao wamesharudi duarani kwa sababu hakuna kazi nyingine. Wanashuka kwa msaada wa gongo. Serikali ilipiga marufuku viroba vya pombe kali Machi 2017. Hofu ya kushuka haikupigwa marufuku.

Jambo linaloniudhi kuliko yote ni jinsi huduma yetu ilivyojengwa kwa ajili ya mtu anayekaa mahali pamoja. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe iko Dodoma, zaidi ya kilomita 500 kutoka Shinyanga. Hospitali ya Bugando iko Mwanza; kwa mtu wa Geita angalau Daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, limemwondolea adha ya kusubiri kivuko huku ndugu wanne wamemshikilia mgonjwa garini. Lakini daraja halimsaidii aliyehama. Rashi mpya ya dhahabu ikisikika, kijana anafunga begi usiku, na asubuhi yuko wilaya nyingine. Faili lake limebaki. Vidonge vya mwezi vimeisha. Baada ya miezi mitatu anarudishwa kwao amefungwa kamba, na tunaandika "hakuzingatia matibabu", utadhani alikataa.

Dawa ya tatizo hili tunayo nchini, ila iko mlango wa jirani. Mtu anayeishi na VVU hupewa dawa za miezi mitatu hadi sita, na akisafiri CTC nyingine, yaani kliniki ya VVU, inaweza kumhudumia. Kwa nini mwenye skizofrenia aliyetulia aje kila mwezi kuomba vidonge thelathini pale pale alipoandikishwa? Apewe za muda mrefu, au sindano inayokaa wiki nne, na daftari lake liandikwe kwa mwandiko unaosomeka: ugonjwa, dawa, kipimo, tarehe ya sindano ijayo. Madaktari bingwa wa magonjwa ya akili nchi nzima wanahesabika kwa makumi. Kazi hii itafanywa na tabibu na muuguzi wa kituo cha afya, na wanaiweza, mradi dawa zisikatike bohari.

Waganga nao wapo, tupende tusipende. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kutoka Dar es Salaam ulikuta karibu nusu ya waliokwenda kwa waganga wana matatizo ya akili ya kawaida kama sonona na wasiwasi. Kwenye kliniki za kawaida ilikuwa kama robo. Sina sababu ya kuamini kwamba Usukumani waganga wana wateja wachache zaidi. Ramli chonganishi, iliyowaponza vikongwe na watu wenye ualbino katika mikoa hii, ni jinai na ibaki kuwa jinai. Mganga anayempa mtu mizizi na kumwambia aendelee na vidonge vya hospitali ni habari nyingine. Huyo nampigia simu.

Kuna sheria moja inayotuvuta nyuma pia. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mchimbaji aliyeuza ng'ombe wa baba yake, akazamisha fedha yote kwenye duara lisilo na kitu, akanywa sumu na kuokolewa, anaamka wodini akiwaza polisi. Ndugu wanasema alikunywa kwa bahati mbaya, anaruhusiwa, na hakuna anayemuuliza kama bado anataka kufa. Kenya, Mahakama Kuu ilitangaza Januari 2025 kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Wabunge wetu wanaweza kuufanya uamuzi huo bila kusubiri mahakama.

Wewe unayempeleka ndugu yako kliniki wiki hii, usisubiri kuulizwa. Sema anachimba wapi na amechimba muda gani. Sema kama anachoma dhahabu, ndani au nje, na nani wengine wanalala katika nyumba hiyo. Sema kama amewahi kufukiwa au kumvuta mwenzake aliyefukiwa, na kama amewahi kusema afadhali afe. Kisha sema mwezi ujao atakuwa wapi, ili dawa atakayopewa imtoshe hadi huko.