Kupanda Mlima Ukiwa na Msiba

Sisi tunaosoma Morogoro tunaamka kila siku tukitazamana na mlima. Uluguru uko pale pale, asubuhi umejifunika ukungu, jioni umekaa wazi, na wapo wanaomaliza miaka mitatu bila kuukanyaga. Katika makala haya nataka kueleza kwa nini mtu mwenye majonzi, au asiyeona tena chuo kinampeleka wapi, anaweza kupata nafuu kwa kupanda mlima, nafuu hiyo inatoka wapi hasa, na inaishia wapi. Naandika kama mtu aliyefiwa. Kaka yangu alifariki nikiwa mwaka wa pili, wiki tatu kabla ya mitihani, na yeye ndiye aliyekuwa akinilipia ada.

Msiba wa hosteli

Nyumbani msiba una watu. Kuna turubai, kuna mikeka, kuna kina mama wanaopika na wazee wanaokaa nawe hata kama hawasemi kitu. Ukirudi chuoni, yote hayo yamebaki kijijini. Ratiba inaendelea, watu wanagombania viti darasani, bumu limetoka au halijatoka, na mwenzako kitanda cha juu anacheka na simu yake. Hakuna aliyekukosea. Ni kwamba msiba sasa umekuwa wako peke yako.

Hapo ndipo mawazo yanapoanza kuzunguka. Unalala mchana, usiku uko macho. Unawaza jambo lilelile kwa njia ileile: ningempigia simu Jumapili ile, ningeenda likizo mapema. Mimi nilikuwa naingia darasani na kuandika, lakini nikifunga daftari sikumbuki hata somo lilihusu nini.

Wataalamu wa saikolojia wana njia moja ya kumsaidia mtu aliyezama hivyo: wanaanza na tendo, kabla ya hisia. Mtu aliyevunjika moyo husema, "Nikijisikia vizuri nitatoka." Wao humwambia atoke kwanza, afanye jambo dogo lenye mwanzo na mwisho, na moyo utafuata nyuma taratibu. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha watu waliotembea dakika 90 kwenye mazingira ya asili na waliotembea muda huohuo kando ya barabara yenye magari mengi. Wale wa kwanza walirudi na mawazo ya kujirudiarudia yamepungua. Wa barabarani hawakupata badiliko hilo.

Mlima unafanya nini

Rafiki yangu wa chumba hakujua lolote kuhusu utafiti huo. Jumamosi moja aliniamsha saa kumi na moja alfajiri akasema, "Vaa raba, tunaenda Morningside." Kwa wasiopajua, Morningside ni ile nyumba ya zamani ya enzi za Wajerumani iliyoko ubavuni mwa Uluguru. Kutoka mjini unapanda kwa miguu kupitia mashamba na vijito, na ukiwa na mwendo wa kawaida unafika kabla jua halijawa kali.

Jambo la kwanza nililoliona ni kwamba kwenye mteremko mkali akili haina nafasi. Inabidi uangalie unapoweka mguu, jiwe hili linacheza au halichezi, pumzi inatosha au haitoshi. Kwa saa nzima sikuwaza ile simu ya Jumapili. Si kwamba nilimsahau kaka. Ni kichwa tu kilipata mapumziko ambayo usingizi ulikuwa umekataa kunipa. Usiku ule nililala hadi asubuhi, kwa sababu mwili ulikuwa umechoka kwa haki.

Jambo la pili ni mwendo. Njiani tulikutana na kina mama wa Kiluguru wakishuka sokoni na mizigo ya ndizi na mboga kichwani. Tukaamkia. Mmoja akaitikia, "Marahaba wanangu, mnakwenda wapi?" Tukajibu kwamba tunapanda tu. Akashangaa kweli: "Mnapanda tu? Kwani huko juu mmeacha nini?"

Tulicheka, lakini swali lile lilinikaa kichwani. Tukaanza kwenda kila baada ya wiki mbili, na siku moja tukaenda hadi Bondwa kwenye minara, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kila nikifika nilijiuliza: huku juu nimeacha nini?

Somo la pole pole

Likizo ilipofika, mjomba wangu wa Marangu alinitafutia kazi ya ugumu Kilimanjaro. Wagumu ni wapagazi, wale wanaobeba mahema, chakula na mabegi ya wageni. Nilihitaji ada, basi. Mzigo wa mgeni hauruhusiwi kuzidi kilo 20, na unapimwa getini. Kilo 20 getini zinabebeka. Siku ya tatu kwenye upepo, ni habari nyingine.

Kule nilielewa kwa nini waongozaji wanasema "pole pole" mpaka wageni wanaichapisha kwenye fulana. Hewa ya juu ina sehemu ileile ya oksijeni kama ya pwani, asilimia 21, lakini mgandamizo wake ni mdogo, hivyo kila pumzi inakuletea kidogo. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, pumzi moja ina karibu nusu ya oksijeni unayoipata Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea, ila unataka muda: unapumua kwa kasi zaidi, figo zinarekebisha damu, kisha chembe nyekundu zinaongezwa siku hadi siku. Ndiyo maana kwenye njia ya Marangu watu wanalala Mandara, kisha Horombo kwenye mita 3,720, na wengi wanakaa Horombo siku moja zaidi kabla ya kwenda Kibo. Anayekimbia hupatwa na ugonjwa wa mlimani: kichwa, kichefuchefu, na ukizidi, maji kwenye mapafu au uvimbe wa ubongo. Kijana mwenye misuli hana kinga. Wenye nguvu ndio mara nyingi wanaokimbia.

Nikiwa na mzigo mgongoni nilifikiri: hata msiba uko hivi. Watu huniambia, "Jikaze, mwaka umeisha." Lakini mwili nao unajua kwamba kuna kimo huwezi kukifikia leo, unalala hapa kwanza. Kuna wiki nilikuwa kwenye Mandara yangu, na haikuwa aibu.

Uhuru sikufika. Kazi yangu iliishia Kibo, wageni wakaendelea usiku na waongozaji wao. Waliporudi asubuhi nilikuwa na chai ya moto tayari. Mama mmoja wa makamo, hata kushika kikombe hawezi kwa baridi, alilia akanishukuru. Nilishuka na sehemu ya ada mfukoni na jibu la yule mama wa Uluguru: cha kutafuta kilikuwa kwenye msafara, kwa watu ninaopanda nao.

Kusudi linatoka kwa wengine

Hili si langu peke yangu. Junko Tabei wa Japani alikuwa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Everest, tarehe 16 Mei 1975. Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 2011 iliyobomoa pwani ya kaskazini mashariki mwa nchi yake, alianza kuwapandisha Mlima Fuji wanafunzi wa sekondari kutoka maeneo yaliyoathirika. Fuji una mita 3,776, mlima mdogo kwa mtu wa Everest. Mwenyewe alikuwa anaugua saratani. Aliendelea kupanda na vijana hao hadi Julai 2016, miezi mitatu kabla ya kufariki. Naamini wale vijana walimhitaji, na yeye aliwahitaji.

Mlima usichoweza

Niseme wazi, mlima si hospitali. Dawa ya kwanza ya ugonjwa wa mlimani ukizidi ni kushuka, na kila mwongozaji mzuri anajua kumgeuza mtu mita mia chache kabla ya kilele. Vivyo hivyo, kama huli, hulali kwa wiki, au unawaza kujidhuru, usipande popote. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au zahanati ya chuo, leo, na umwambie mtu mmoja unayemwamini. Mimi nilienda kwa mshauri na mlimani pia, na sioni ugomvi kati ya viwili hivyo.

Ukitaka kuanza

Huhitaji fedha za Kilimanjaro. Anza na Morningside. Nenda na watu wawili au zaidi, na mwenyeji anayejua njia. Ukitaka kuingia ndani ya msitu wa hifadhi, uliza kwanza utaratibu wa kibali na malipo. Beba maji lita mbili, koti la mvua, na viatu vyenye meno, maana udongo wa Uluguru ukilowa unateleza kama bamia. Ondoka mapema. Mwenye mwendo mdogo kuliko wote atangulie mbele, na wengine wafuate mwendo wake. Usimlazimishe mtu kuongea. Wengine huongea wakishuka, na wengine hawaongei kabisa.

Sisi tunaondoka Jumamosi ya pili ya kila mwezi, saa kumi na mbili kamili asubuhi, getini. Hatuna kiingilio wala fulana. Kama umefiwa mwaka huu, njoo utangulie mbele.