Kizazi si sufuria

"Nitumie dawa gani kusafisha kizazi baada ya kuacha sindano?" Swali hili lina sura nyingi ila mzizi wake ni mmoja. Wengine huuliza kama kijiti kimeunguza mayai. Wengine huuliza kama binti ambaye hajazaa anaweza kutumia uzazi wa mpango, au azae kwanza mmoja ndipo atumie, ili kizazi "kisilale". Limeulizwa mara nyingi hadi limezaa biashara kamili, yenye matangazo, picha za kabla na baada, na bei ya jumla kwa mawakala. Jibu fupi ni kwamba hakuna dawa ya kusafisha kwa sababu hakuna uchafu. Jibu refu halitaishia kwenye kizazi, maana hofu yenyewe haikuanzia huko.

Tuanze na damu ya hedhi inayosemekana kujikusanya tumboni mwa anayetumia sindano. Wanaoamini hivyo hawajakaa wakapiga hesabu. Hedhi moja hutoa kwa wastani mililita 30 hadi 40 za damu, sawa na vijiko viwili au vitatu vya chakula. Kama damu hiyo ingezalishwa kila mwezi na kubanwa ndani, aliyetumia sindano kwa miaka mitatu angekuwa amebeba zaidi ya lita moja, katika kiungo ambacho bila mimba kina ukubwa wa parachichi dogo na uwazi usiojaa hata kijiko kimoja cha chakula. Hali ya damu kufungiwa ndani ipo kweli. Huwapata wasichana wachache waliozaliwa na utando wa uke usio na tundu, na maumivu yake huwafikisha hospitali; hakuna anayeishi nayo miaka mitatu akiendelea na biashara yake ya genge. Damu ya hedhi haitoki ghalani. Ni utando wa ndani wa kizazi uliojengeka kuisubiri mimba, mimba isipokuja ukabomoka. Homoni ya sindano huufanya utando huo ubaki mwembamba, na ndiyo maana baada ya mwaka mmoja takriban nusu ya watumiaji huwa hawaoni siku zao. Asiyefyatua tofali hana kifusi cha kuzoa. Mama anayenyonyesha hukaa miezi bila hedhi, na sijui shangazi aliyewahi kumwambia kuwa damu inamwozea ndani. Aliyekoma hedhi hukaa hivyo miaka 30. Inakuwaje damu ijue kujikusanya kwa mtumiaji wa sindano tu?

Muuza dawa haulizwi swali hilo kwa sababu anatoa kitu kinachoonekana. Zile "lulu" za kusafisha kizazi, vifurushi vya majani ya unga vilivyofungwa kwa shashi na kusokomezwa ukeni kwa saa 24 au zaidi, hutoa vipande vya kijivu na majimaji mazito, na mteja huambiwa: umeona uchafu? Alichokiona ni ute na ngozi laini ya uke iliyochubuliwa na dawa yenyewe. Ukiweka dawa hiyo hiyo kinywani na kuifumbia usiku kucha, asubuhi utatema uchafu wa namna hiyo hiyo, na hakuna atakayesema umesafisha tumbo. Kwanza, kitu kilichowekwa ukeni hakifiki ndani ya kizazi. Mlango wa kizazi umefungwa na una ute mzito kazi yake ikiwa ni kuzuia wageni. Pili, uke una bakteria wake wanaotengeneza asidi inayowazuia vijidudu vibaya. Ukiwaua walinzi hao na kuchubua ukuta, umefungulia maambukizi njia. Mtu aliyekuwa mzima ananunua ugonjwa kwa fedha zake, kisha anarudi kununua "dozi ya pili" kwa kuwa sasa anatokwa na majimaji yenye harufu. Kama kuna kitu kinachostahili kuitwa kuharibu kizazi, tutafute kwenye duka hilo kabla ya kwenda kwenye chumba cha sindano.

Lakini sindano huchelewesha mimba, atasema msomaji makini, na atakuwa amesema kweli. Chupa ndogo ya sindano ya miezi mitatu ikikaa mezani, weupe wake huzama chini. Ndiyo maana muuguzi huitikisa kabla ya kuvuta. Weupe ule ni chembechembe za homoni zisizoyeyuka upesi. Zikishaingia kwenye msuli wa bega au wa tako huyeyuka polepole, na hazijui kwamba tarehe ya kurudi imepita. Kwa baadhi ya wanawake huisha mapema, kwa wengine hukawia. Kwa wastani mimba huingia miezi 10 hivi tangu sindano ya mwisho, na mwaka mzima kupita bila mimba bado si dalili ya ugonjwa. Dawa ipo bado mwilini inafanya kazi iliyotumwa. Ikiisha, yai linapevuka kama zamani. Njia nyingine hata hazina kuchelewa huko. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 na jarida la kitabibu la BMJ uliwafuatilia wanawake karibu 18,000 wa Denmark na Amerika Kaskazini waliokuwa wakitafuta mimba. Waliotoka kwenye sindano walichelewa kwa mizunguko mitano hadi minane, waliotoka kwenye vidonge mitatu, waliotoa kijiti au kitanzi miwili. Na aliyetumia miaka mingi hakuwa amechelewa kuliko aliyetumia kidogo, jambo lisilowezekana kama dawa zingekuwa zinatafuna mayai. Mapitio ya tafiti 22 yaliyochapishwa mwaka 2018 na watafiti wa Ethiopia yalikuta asilimia 83 ya walioacha njia mbalimbali wakipata mimba ndani ya miezi 12. Hapa kwetu, takwimu za kitaifa za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa asilimia 31 ya wanawake walio kwenye ndoa Tanzania wanatumia njia za kisasa, huku mwanamke akizaa kwa wastani watoto 4.8. Taifa linalotiwa ugumba halizai hivyo.

Sasa tuulize kwa nini hofu hii haifi. Kati ya njia zote, sindano ndiyo rahisi kuficha. Haina pakiti ya kuwekwa chini ya godoro, haina kitu cha kupapaswa chini ya ngozi ya mkono, haina uzi. Kwa hiyo mwanamke ambaye mume amekataa, au ambaye mama mkwe anahesabu miezi tangu harusi, huchagua sindano. Yaani anayenyimwa uamuzi nyumbani husukumwa kwenye njia ileile inayochelewesha mimba kuliko zote. Siku akiwa tayari kuzaa, huacha kimya kimya. Miezi minane inapita. Hawezi kumweleza mumewe kwamba homoni haijaisha mwilini, maana atakuwa amekiri kwamba ilikuwamo. Hawezi kurudi kliniki mchana kweupe. Anamwendea muuza dawa anayejibu ujumbe wa simu usiku na asiyeuliza habari za mume. Miezi miwili baadaye homoni imekwisha yenyewe, mimba inaingia, na lulu zinapewa sifa. Mimba isipoingia, sindano inapewa lawama. Muuza dawa hapotezi kwa vyovyote, na aliyemjengea duka hilo ni kura ya turufu ya mume.

"Azae kwanza" nayo si kanuni ya udaktari. Ni kanuni ya ukweni iliyovalishwa koti jeupe: mwanamke athibitishe kwamba anazaa kabla hajapewa sauti. Kama kuzaa mara moja kungekuwa kinga, tusingekuwa na wanawake wengi waliopata mtoto mmoja wakashindwa kupata wa pili. Tunao. Uchunguzi wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 1985 ulionyesha kuwa asilimia 85 hivi ya wanawake wa Afrika waliochunguzwa kwa kukosa mimba walikuwa na tatizo lililotokana na maambukizi. Klamidia na kisonono hupanda kimya hadi kwenye mirija na kuacha makovu. Maambukizi baada ya kujifungua hufanya vivyo hivyo, na baada ya mimba iliyotolewa vichochoroni huwa mabaya zaidi. Kuna aliyesikia habari za vitanzi vilivyoumiza wanawake Marekani, naye hakuzua: Dalkon Shield, kitanzi cha miaka ya 1970, kilikuwa na uzi wa nyuzi nyingi uliowapandisha bakteria, kikaondolewa sokoni. Vitanzi vya leo vina uzi wa unyuzi mmoja. Utafiti uliofanyika Mexico na kuchapishwa mwaka 2001, kwa wanawake ambao hawajawahi kushika mimba kabisa, haukukuta kwamba kitanzi cha shaba huziba mirija. Klamidia ndiyo iliyokutwa na hatia.

Utaona basi mduara ulipo. Msichana anatishwa kwamba kinga itamfanya mgumba. Haitumii. Anapata mimba asiyoitaka katika nchi hii ya Tanzania, ambayo Kanuni yake ya Adhabu, vifungu vya 150 hadi 152, inamfunga anayetoa mimba, isipokuwa pale maisha ya mama yanapookolewa. (Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 26(4), imeenda mbele kidogo kwa kutaja afya ya mama na dharura pia.) Anakwenda kwa mtu mwenye vijiti na mizizi. Anarudi na maambukizi, na mirija inaziba. Hofu ya ugumba imempeleka mguu kwa mguu kwenye ugumba wenyewe, na bado mtaani watasema: si alikuwa anachoma sindano huyo? Aliye katika hali hiyo, mwenye homa au anayetokwa na damu nyingi, asisubiri aibu iishe. Kutibiwa mimba iliyoharibika, kwa sababu yoyote ile, ni huduma ya dharura katika hospitali zetu.

Pingamizi linalostahili heshima ni lile la kwamba mtoto ni wa wawili, hivyo waamue wawili. Sawa, na ndoa ambayo watu huzungumza haihitaji makala hii. Lakini kushauriana na kuomba ruhusa ni vitu viwili. Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia 2007 na Kenya 2010, inampa mwanamke katika ibara ya 14 haki ya kuamua kama atazaa, watoto wangapi, kwa nafasi gani, na kwa kutumia njia ipi. Barua ya ruhusa kutoka kwa mume si kifaa cha tiba. Anayepinga kwa imani apinge kwa imani, ni haki yake: Kanisa Katoliki kwa waraka wa Humanae Vitae wa 1968 lilikataza njia za kisasa na kuruhusu kufuata siku. Kwa upande wa Uislamu, wanazuoni walijadili azl, yaani kumwaga nje, karne nyingi kabla ya vidonge kuwapo, na wengi wao walishurutisha ridhaa ya mke. Ridhaa ya mke, tafadhali soma tena. Kisichokubalika ni kuchukua pingamizi la imani au la utawala wa nyumba na kulitangaza kama ugonjwa wa kizazi.

Njia zenyewe, kwa haraka, maana hapa hakuna fumbo. Kijiti: miaka mitatu au mitano kulingana na aina, damu huweza kuja ovyo, ukikitoa uzazi hurudi upesi. Kitanzi cha shaba: miaka 10 au zaidi, hakina homoni, huongeza damu na maumivu ya hedhi, na kikiwekwa ndani ya siku tano baada ya tendo huzuia mimba ya siku hiyo. Sindano: miezi mitatu, kama unapanga kuzaa mwaka ujao, chagua nyingine. Vidonge: kila siku bila kuruka, vyenye homoni mbili haviwafai wenye shinikizo la damu wala wavutaji wa sigara waliovuka miaka 35. Kondomu ndiyo pekee inayozuia mimba na klamidia kwa pamoja. P2, yaani vidonge vya dharura: ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, huchelewesha yai kutoka, haitoi mimba, na si ya kila wiki. Kumwaga nje: katika wanandoa 100, wapatao 20 watashika mimba ndani ya mwaka. Kufunga uzazi ni kwa aliyemaliza kweli, na mwanaume aliyefunga asubiri miezi mitatu kabla ya kuitegemea.

Na aliyetafuta mimba mwaka mzima bila kuipata, au miezi sita kama amevuka 35, aende hospitali pamoja na mwenzake. Katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mtoto, mwanaume anahusika peke yake au pamoja na mke. Kipimo cha shahawa hakina kisu, hakina ganzi, na ni rahisi kuliko kipimo chochote atakachofanyiwa mke. Kianze hicho.