Discovery na Amana ya Mtazamaji

Jumamosi moja, katika banda la kinyozi mtaani kwetu, televisheni iliyopachikwa juu ya kioo ilikuwa ikionyesha nyumbu wakivuka Mto Mara. Kinyozi alizima mashine. Mteja aliyekuwa kitini, upande mmoja wa kichwa umenyolewa na mwingine bado, hakulalamika. Naye alikuwa amekodoa macho. Msimulizi alizungumza Kiingereza cha haraka na wengi wetu tulimpoteza njiani. Ndipo mzee mmoja aliyekulia mkoani Mara akaanza kutueleza kwa nini wa mbele husita ukingoni, na kwa nini akishatumbukia mmoja kundi zima humfuata. Tukamgeukia yeye.

Kiu ile ya kujua ndiyo aliyoitegemea Mmarekani John Hendricks. Alikuwa amewahi kusambaza filamu za elimu vyuoni, akaona jinsi makala nzuri za sayansi, historia na wanyama zilivyoonyeshwa mara moja au mbili kisha zikafungiwa makabatini. Mwaka 1982 alianzisha kampuni, na nyumba yake akaiweka rehani.

Televisheni ya kampuni hiyo, Discovery Channel, iliingia hewani tarehe 17 Juni 1985. Ilifika katika kaya 156,000 tu, ikirusha matangazo kwa saa 12, kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 9 usiku. Mtaji ulikuwa dola milioni 5, na BBC ilikuwa miongoni mwa waliochangia. Fedha ya kupiga filamu zake yenyewe haikuwepo, kwa hiyo ilinunua za wengine, nyingi zikiwa hazijawahi kuonekana Marekani. Haukupita muda mfuko ukakauka. Waliokinusuru kituo ni kampuni za kebo, ikiwemo TCI iliyoongozwa na John Malone, kwani nazo zilihitaji kitu cha heshima cha kumuuzia mwenye nyumba.

Ujasiri wa siku zile bado unanivutia. Mwaka 1987, Vita Baridi ikiendelea, Discovery iliwaonyesha Wamarekani saa 66 za televisheni ya Kisovieti, moja kwa moja. Mwaka uliofuata ikaanzisha Shark Week, wiki nzima ya papa. Ilifika Ulaya mwaka 1989, na mwaka 1996 ikazaa Animal Planet.

Kisha ikakosea. Agosti 2013 ilifungua wiki ya papa kwa filamu iliyodai kwamba huenda megalodoni, papa mkubwa aliyetoweka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita, bado yu hai baharini. “Wanasayansi” waliozungumza humo walikuwa waigizaji, na maelezo ya kukiri hivyo kwa mafumbo yalipita haraka mwishoni. Watazamaji milioni 4.8 waliitazama. Kwa hesabu za matangazo ya biashara huo ulikuwa ushindi. Kwangu mimi ilikuwa ni kula amana. Mtazamaji anayefungulia kituo cha mambo ya kweli hana muda wa kuhakiki kila picha. Amemkabidhi mtangazaji kazi hiyo, tena mara nyingi ameketi na mwanawe. Mwaka 2015 mkuu mpya wa kituo, Rich Ross, alitangaza hadharani kwamba filamu za namna hiyo hazina nafasi tena Discovery.

Sisi tumo ndani ya hadithi hii zaidi kuliko tunavyodhani. Mwaka 2019 Discovery ilionyesha mfululizo wa Serengeti, uliopigwa hapa Tanzania. Simba jike aliitwa Kali, nyani akaitwa Bakari. Msimulizi wake huko Marekani alikuwa Lupita Nyong'o, binti wa Kenya. Majina ni ya Kiswahili, mbuga ni yetu, sauti ni ya jirani yetu, lakini usimulizi ni wa Kiingereza.

Ndugu zetu mnaoendesha vituo vya televisheni, Hendricks hakungoja awe na kamera zake. Alianza na filamu za watu wengine na saa 12 kwa siku. Anzeni hata na saa moja: nunueni makala zilizokwisha kutengenezwa, ziwekeeni usimulizi wa Kiswahili sanifu, na kabla ya kurusha mpeni mtaalamu azihakiki. Wasimulizi mtawapata. Mmoja wao yuko kwa kinyozi wetu kila Jumamosi.