Ruta na kiti kisichocheza: Hesabu ya fundi mdogo wa Nyegezi

UKIPITA Nyegezi kuelekea Mkolani, hukosi kuona vitanda, meza na viti vimepangwa kando ya barabara vikisubiri wateja. Biashara ipo. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe wanapanga vyumba, mama lishe wanafungua vibanda, na kila mmoja anataka pa kukalia. Mteja huuliza bei, huuliza ni mbao gani, hugusa vanishi. Mara chache huuliza huo mguu umeshikwa na nini.

Nalijua jambo hilo kwa hasara. Mwaka 2016 nilimtengenezea mama lishe mmoja viti 12 vya msonobari, ambao sokoni tunauita paina. Nilivipiga msasa vikang'aa, lakini miguu niliishika kwa misumari ya inchi tatu na gundi kidogo. Haukupita msimu, vikarudi vinane, vinacheza kama meno ya mtoto wa darasa la kwanza. Nilimrudishia fedha zake, nazo ndizo nilizokuwa nimeziweka kwa ajili ya mbegu na mbolea. Mwaka huo nililima nusu eka ya mahindi badala ya eka mbili.

Kosa halikuwa la paina. Msumari ukipita kwenye mguu na kuingia kichwani mwa mbao ya pembeni, unafuata nyuzi za mbao badala ya kuzikata, hivyo haupati pa kung'ang'ania. Kila mteja anapoegemea nyuma, tundu la msumari linapanuka kidogo. Dawa yake ni ya zamani sana: kiungo cha tundu na ulimi, ambacho mafundi wengine hukiita motisi na tenoni. Mbao moja inachongwa ulimi, nyingine inatobolewa tundu la kipimo hicho hicho, gundi inashika pande zote mbili pana za ulimi. Mashua ya Farao Khufu, iliyogunduliwa Misri mwaka 1954, ina ndimi za namna hii, nayo ina umri wa miaka ipatayo 4,500. Misri ndiko yanakoishia maji ya ziwa letu hili.

Kwa nini basi tunapiga misumari? Kwa sababu ya muda. Kiti chenye mbao nne za kukalia na nne za chini kina viungo 16. Oda ya viti sita ni matundu 96. Tuseme tundu moja kwa patasi na nyundo linakula dakika 15: hizo ni saa 24, yaani siku tatu za kazi kwa matundu peke yake. Kwa ruta iliyokwisha kutegeshwa, tundu moja linaweza kuchukua dakika tatu hivi, na matundu yote yakaisha chini ya saa tano.

Lakini angalia unachonunua. Ruta ya kazi hii ni ile ambayo mota yake inashuka na kupanda juu ya nguzo mbili zenye springi, ili biti iingie katikati ya mbao bila kuanzia ukingoni. Kwa wanaopenda mtumba, soma kibati kwanza. Mashine iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ni ya volti 120, na umeme wetu wa volti 230 utaiunguza siku ile ile.

Ulimi uwe theluthi moja ya unene wa mbao. Mbao ya pembeni ikiwa ya milimita 30, ulimi ni milimita 10, na biti iwe ya milimita 10. Mguu wa milimita 50 ni mwembamba mno kwa kitako cha ruta kutulia, kwa hiyo fanya hivi: bana miguu miwili pamoja, ubavu kwa ubavu, ndipo ruta ipate uwanja. Mwongozo wa pembeni wa ruta ukae kulia kwako unapoisukuma mbele. Biti inavyozunguka huivuta ruta kushoto, hivyo mwongozo unabaki umebanwa kwenye mbao. Ukiuweka kushoto, ruta itakukimbia na tundu litapinda.

Urefu wa tundu usiuachie macho. Pigilia vizuizi viwili vya mbao, mbele na nyuma, ruta igote hapo. Umbali kati ya vizuizi ni upana wa kitako cha ruta, ongeza urefu wa tundu, toa unene wa biti. Kitako cha milimita 150, tundu la 60 na biti ya 10 vinakupa milimita 200. Hapa ndipo penye fedha, maana ukitegesha mara moja, mguu wa kwanza na wa 24 vinafanana. Shusha biti milimita tatu au nne kila unapopita, hata kama mashine inaonekana ina nguvu. Mwenye haraka huvunja biti.

Tundu la ruta huwa na ncha za mviringo. Zichonge kwa patasi ziwe mraba, au zungusha kingo za ulimi kwa tupa. Mimi huzungusha ulimi, ni rahisi zaidi. Kina cha tundu kizidi ulimi kwa milimita mbili ili gundi ipate pa kwenda, na ulimi uingie kwa kusukuma kwa mkono. Ukidai nyundo, utapasua mguu.

Kuna njia ya mkato isiyo na aibu: toboa tundu kwenye mguu na kwenye kichwa cha mbao ya pembeni pia, kisha pachika ulimi wa pekee uliokatwa kutoka vipande vya mbao ngumu kama mninga. Kila mbao ya pembeni inapungua urefu wa ndimi mbili, na vipande ulivyokuwa unachomea chai vinapata kazi.

Yote hayo ni bure mbao ikiwa mbichi. Paina inafika hapa kutoka mashamba ya miti kama Buhindi, ng'ambo ya ghuba, na tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 lori halisubiri tena kivuko. Mzigo unaokuja haraka huja na maji yake. Dai risiti na hati ya kusafirisha, kisha panga mbao kivulini ukiweka vijiti katikati. Kata kipande kimoja, kipime kwenye mizani ya dukani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, anza kazi.

Vaa miwani, na chomoa waya kwenye umeme kila unapobadili biti. Asiyewahi kuishika ruta aanzie VETA pale Nyakato kabla ya kununua yake. Na mwenye oda mbili tatu kwa mwezi asikope kwa ajili ya mashine: wafundi wanne wachangie moja, kila mtu na biti yake.