Fahamu: Siloamu, jina la maji yaliyopelekwa

Siloamu, jina la bwawa la Yerusalemu lililorudi vinywani mwa watu Septemba 2025, pale Benjamin Netanyahu, waziri mkuu wa Israeli, aliposimulia jinsi alivyowahi kuiomba Uturuki jiwe la maandishi lililogunduliwa Siloamu mwaka 1880, naye Recep Tayyip Erdoğan, rais wa Uturuki, akakataa katakata kulitoa, asili yake ni Kiebrania, nayo maana yake ni kupeleka. Kwani maji yake hayabubujiki pale, bali hupelekwa kutoka chemchemi ya Gihoni, kwa handaki la mita 533 hivi linalonasibishwa na Mfalme Hezekia wa Yuda. Jiwe hilo, lililohifadhiwa Istanbul, lasimulia, kwa namna inayonigusa mno, jinsi wachimbaji walioanza pande mbili, zilipobaki dhiraa tatu, walivyosikia sauti ya mtu akimwita mwenzake, hata sululu zikakutana. Wala halimtaji mfalme yeyote.